Usikitupe Kipimo Kinachodanganya

Nakijwa mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi niliposhika bisibisi nikateremka nyuma ya hospitali nikiwa nimekasirika, nia yangu kukifungua kipimo cha tanki la majitaka na kukitupa korongoni. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ulikuwa tumboni kwa mama yako, na kama utakavyosikia, ulianza kutusumbua kabla hatujakuona hata sura.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo tangu juzi uliponipigia simu. Ulisema, "Mjomba, siku hizi mama haaminiki. Nikimuuliza kama amekunywa dawa anasema ndiyo, kumbe vidonge viko vilevile. Nikimuuliza amekula nini anasema makande, kumbe hata moto hakuwasha. Sasa nimeacha kumuuliza. Namuuliza jirani." Sikukujibu siku ile. Mimi nikiumia hunyamaza, na nikinyamaza watu hudhani nimekubali, na tabia hiyo imenipotezea mengi. Leo nataka kukujibu, ila nitaanzia mbali. Kama una chai, isogeze karibu.

Hospitali ninayoisema ni ile ndogo ya kanisa iliyokuwa juu ya kijiji chetu, pale ambapo ukungu wa mlima Shengena ulikuwa ukishuka asubuhi mpaka huoni mkono wako. Miaka ile ilikuwa migumu. Kwanza tulipanga foleni ya sabuni na sukari, na mara nyingi ukifika mbele unaambiwa imeisha. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje, maduka ya Same yakajaa kila kitu, mifuko yetu ikabaki kama ilivyokuwa. Ukishuka mjini unatazama vitu dirishani, unarudi kupanda mlima. Na hospitali nayo iliachwa ijitegemee. Wageni waliotujengea tanki la kusafisha majitaka walikuwa wamekwisha kurudi kwao, vipuri vikaacha kuja, na dizeli ya jenereta ililetwa na lori kutoka Same, lori ambalo lilikuja likipenda lenyewe.

Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza shule, nikaajiriwa kulitunza tanki hilo. Nikueleze kwa kifupi lilivyofanya kazi, maana mara ya mwisho nilipoanza kukueleza ulisinzia. Maji yote machafu ya wodini, jikoni na kwa dobi yalishuka kwenye tanki la kwanza, vitu vizito vikazama. Kisha yaliingia tanki la pili, na humo wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao kazi yao ni kula uchafu. Wadudu wale wanahitaji hewa kama wewe na mimi. Unawasha pampu ya hewa, inapuliza, maji yanachemka kama chungu, wadudu wanakula. Uchafu ukiisha unazima pampu, unaacha tope lizame, maji mazuri yanabaki juu, unafungua koki kubwa yanatoka. Mtu yeyote wa kwetu anaielewa kazi hii bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo tunavyoishi na ndiva. Unayakinga maji ya mlimani kwenye bwawa, unasubiri lijae, unafungua mfereji kwa zamu. Tofauti ni moja tu, kwamba ndiva huoni haya kumwonyesha mgeni.

Na maji yale yakitoka hayakupotea. Yaliingia kwenye kijito, kijito kikaingia mferejini, mfereji ukajaza ndiva ya kijiji cha chini, na watu wakamwagilia maharage na kabichi zao.

Sasa, shida yote ilikuwa kujua ni wakati gani wadudu wamemaliza kula. Wageni walituachia kipimo cha kutuambia. Kilikuwa kipande cha chuma kilichotumbukizwa majini, kina waya unaopanda ukutani kwenye duara la kioo lenye mshale. Mshale ule ulionyesha hewa iliyomo ndani ya maji. Wadudu wakiwa wanakula, wanavuta hewa yote, mshale unakaa chini. Wakimaliza, hewa inabaki majini, mshale unapanda. Kwenye kioo palipakwa alama nyekundu, na maelekezo yalisema ukifika pale, zima. Kilipokuwa kipya kilisema kweli. Lakini chuma kile kilikuwa na ngozi nyembamba ya kubadilishwa kila baada ya muda, na ngozi nyingine haikuja. Kikaota utelezi, kikazeeka, kikaanza kusema ovyo. Siku nyingine mshale uliamka umepita alama nyekundu kabla hata hatujapuliza vizuri. Siku nyingine ulilala chini kutwa.

Tulifuata maelekezo. Siku moja mshale ulipita alama, pampu ikazimwa, koki ikafunguliwa. Mwanangu, maji yaliyotoka siku ile yalikuwa na harufu ambayo sitaki kuikumbuka nikiwa nakula. Yaliteremka mpaka kwenye ndiva.

Mzee Kihara akapanda. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva ya chini, mrefu, mkavu, na koti lake la Jumapili analivaa hata siku za wiki akiwa na shauri la kusema. Sisi Wapare na kesi tunajulikana. Watani zetu husema tuko radhi kuuza zizi zima la ng'ombe ili tushinde kesi ya mbuzi mmoja, na nadhani walimwona Mzee Kihara ndipo wakasema hivyo. Alimsimamisha daktari uani, mbele ya wagonjwa, akasema kwa adabu kabisa.

"Daktari, wake zetu wamejifungulia hapa. Hatuna ugomvi na hospitali. Ila ndiva ile babu zetu waliichimba kwa msaragambo, na bomba lenu tutaliziba kwa msaragambo. Maji yakinuka tena, mtasikia baragumu."

Wewe uliyekulia mjini huenda hujui uzito wa maneno hayo. Baragumu la msaragambo likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, na hakuna anayeuliza kwa nini. Bomba lingezibwa kwa mawe na udongo kabla ya saa ya chai. Na hospitali isiyo na pa kupeleka maji yake haiwezi kulaza mtu. Daktari alitukusanya akatuambia wazi kwamba wodi ya wazazi ndiyo ingefungwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayotumia maji mengi. Wanawake wangepelekwa Same.

Mama yako aliisikia habari hiyo kisimani. Alikuja kwangu jioni, mimba yako imekua, akakaa kwenye kigoda bila kuvua khanga ya kichwani. Kabla yako palikuwa na mtoto mwingine. Mama yako alishikwa na uchungu mvua zikiwa zimeharibu mambo hospitalini, akapakiwa kwenye lori kwenda Same, na kaka yako hakufika kwenye lami. Hilo dada hakulisema kamwe tena, na hata jioni ile hakulisema. Aliniuliza tu, "Eliamini, maji yako yatakuwa mazuri?" Nikamwambia yatakuwa mazuri. Nilikuwa sijui nitafanyaje, na nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya banda la mbuzi.

Ndiyo maana kesho yake nilishika bisibisi.

Nilikuwa nimekwisha kutoa skrubu ya kwanza niliposikia sauti nyuma yangu. Alikuwa Mama Ruthu, mkunga mkuu. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na hospitali nzima tulimwogopa kwa mapenzi. Daktari mwenyewe alikuwa akimwamkia shikamoo. Alikuwa amekuja kwa dobi kuulizia mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Namtoa huyu mwongo."

"Ukishamtoa, utamuuliza nani?"

"Simuulizi mtu. Nitapuliza hewa kutwa nzima, hao wadudu wale mpaka wavimbiwe."

"Kwa dizeli ya nani?"

Jenereta ilikuwa moja. Dizeli iliyopuliza hewa ndiyo hiyohiyo iliyowasha taa ya chumba cha upasuaji, na pipa lilikuwa likielekea mwisho. Mama Ruthu akachukua ndoo ya dobi, akaigeuza, akaikalia. Nikajua sasa nimekwisha.

"Unaijua mizani yetu ya kupimia watoto?" akaniuliza. "Ni mwongo kuliko huyo wako. Kila mtoto anaongezewa. Mama anafurahi, anasema mwanangu amenona, kumbe ni mizani. Umeona nimeitupa? Mimi siiulizi mtoto ana uzito gani. Naiuliza ameongezeka au amepungua tangu alipokuja mara ya mwisho. Hapo hainidanganyi, kwa sababu inadanganya vilevile kila siku."

Nilitaka kusema kipimo changu hakidanganyi vilevile kila siku, lakini mkono wake ulikuwa umeinuliwa.

"Na wazazi je? Mmoja anapiga kelele tangu getini, watu wa sokoni wanamsikia. Mwingine anauma khanga, hutajua hata kama yupo. Nikifuata ukubwa wa kelele nitamkimbilia asiyenihitaji na yule mwingine atajifungulia sakafuni. Basi nakaa nao. Najua huyu kelele zake ndizo zake, na huyu kimya chake ndicho chake. Ninachongoja ni sauti kugeuka. Ikigeuka tu, hata awe ananong'ona, navaa glavu. Sasa niambie, wewe huyu umekaa naye lini? Unakuja, unamtupia jicho, unaondoka. Mume akifanya hivyo anaachwa."

Dobi alikuwa anasikiliza, akacheka. Mimi sikucheka.

"Mwongo unayemjua atakusaidia mpaka kufa," akasema, akainuka na kujifuta nyuma. "Wa kuogopa ni yule asiyebadilika chochote, umwambie msiba, umwambie harusi, yuko vilevile. Huyo ndiye wa kutupa. Rudisha hiyo skrubu."

Nilinuna, mwanangu. Nilikuwa kijana, na kusemwa mbele ya dobi kuliniuma. Lakini skrubu niliirudisha, kisha nikaleta kigoda changu nikakaa mbele ya kile kioo kama mtu aliyeitwa shaurini.

Nilikaa nacho siku nyingi. Mwanzoni sikuona kitu ila mshale. Kisha nikaanza kuzijua tabia zake. Asubuhi za ukungu uliamka umepanda juu, bila sababu, kwa ubaridi tu, na mchana wa jua kali ulipunguza. Nikikifuta chuma kile kwa kitambaa, mshale uliruka, ukawa na siku mbili tatu za kusema karibu na kweli, kisha utelezi ukarudi. Siku ya kufua mashuka ulilala chini muda mrefu, kwa kuwa maji ya dobi yalikuwa na uchafu mwingi na wadudu walikuwa na kazi. Na nikaona jambo ambalo ningelikosa maisha yangu yote kama ningeendelea kutazama alama nyekundu. Popote mshale ulipoanzia, juu au chini, ulikaa hapo ukitetemeka kidogo, ukakaa, ukakaa. Halafu kila mara ulifika wakati ukainuka, si polepole kama ulivyokuwa ukisogea kwa ubaridi, bali kwa mkupuo, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Nikichota maji wakati huo kwenye chupa ya soda nikaiweka juani, tope lilizama lote na maji yakabaki meupe juu. Nikichota kabla ya hapo, yalibaki na mawingu. Hata harufu ilikuwa imebadilika, imekuwa ya udongo baada ya mvua ya kwanza.

Na lile neno la mwisho la Mama Ruthu nililipatia kazi. Kila asubuhi nilizima pampu kidogo kwa makusudi. Mshale ukishuka, nilijua bado uko hai, unasema uongo wake lakini unanisikia. Ningeona haushuki, ningejua umekufa, na hapo ningeutupa kweli.

Nikaanza kumpenda yule mwongo. Nakuambia ukweli. Nilikuwa nikifika asubuhi namsalimia.

Siku ya kesi ikafika. Mzee Kihara alituma salamu kwamba kabla hawajajaza ndiva kwa ajili ya mazao ya kiangazi, atakuja kuyaona maji yakitoka, ayanuse mwenyewe. Alikuja na wazee wawili, koti la Jumapili liko mwilini. Lori la dizeli lilikuwa halijaonekana. Daktari alikuwa amenionyesha kwa kidole, kwenye kijiti cha kupimia pipa, mahali ambapo sitakiwi kuvuka, kwani kilichobaki chini ya hapo kilikuwa cha upasuaji. Na usiku wa kuamkia siku hiyo wewe ulikuwa umeamua kuja. Mama yako alikuwa wodini tangu alfajiri.

Ukungu ulikuwa mzito. Mshale uliamka umepita alama nyekundu, kama kawaida yake siku za baridi. Mzee Kihara, ambaye alikuwa na macho mazuri kuliko alivyotaka watu wajue, aliiona alama.

"Kijana, si umeshapita hapo pekundu? Fungua basi tuone."

"Bado, mzee."

"Mashine inasema tayari, wewe unasema bado. Tumwamini nani?"

"Mniamini mimi, mzee. Huyu namjua. Akiwa na baridi husema amemaliza."

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa kicheko ndani ya kiganja. Pampu ikaendelea, mshale ukatetemeka palepale. Dizeli ilikuwa ikiteremka na wadudu walikuwa bado wanakula.

Ndipo nesi alipokuja mbio kutoka wodini, kofia mkononi. "Mama Ruthu anasema uzime pampu. Anataka umeme wote chumba cha upasuaji. Ni dada yako."

Nilizima. Jenereta ile haikuweza kubeba pampu na chumba kile pamoja, na kama ingeweza nisingejaribu. Kukawa kimya pale tankini. Maji yakaacha kuchemka, na mshale nikauona unashuka taratibu, unashuka, mpaka chini kabisa. Nikageuka kwa wazee.

"Wazee wangu, maji haya hayajawa tayari, na leo huenda yasiwe. Sifungui. Mkitaka kupiga baragumu, lipigeni kwa sababu tumewachelewesha. Kwa sababu ya harufu, hamtalipiga."

Mzee Kihara akageukia upande wa wodi. "Aliyemo humo ndani ni nani yako?"

"Ni Namsifu, dada yangu."

Alimjua. Alijua na habari ya lori. Kijiji kizima kiliijua. Akavua koti lake la Jumapili, akalikunja, akaliweka juu ya ukingo wa tanki la majitaka, akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

"Tutangoja," akasema. "Maharage yana haraka, lakini si haraka hiyo."

Tukangoja. Mama Ruthu alikuwa ameagiza dobi asifue na jiko lisimwage maji, ili tanki lisifurike. Wanawake wa jikoni walituletea chai ya rangi. Nilishika kikombe mpaka kikapoa. Mzee Kihara alinisimulia kesi ya mpaka wa shamba aliyoishinda zamani, na wazee wenzake wakawa wanamsahihisha kila anapojiongezea, na mimi sikusikia hata neno moja la kesi hiyo, ila nilijua anasema ili masikio yangu yawe na kitu. Kwa hilo nilimpenda mpaka alipofariki.

Kisha tukasikia mtoto analia. Ulilia kwa hasira, Nakijwa, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Mzee Kihara akasema, "Huyo ni wa kwetu, keshaanza kesi."

Nesi akarudi, safari hii anatembea. Mama mzima, mtoto mzima. Nikakaa chini, nikaficha uso magotini, na wazee wakatazama pembeni kwa heshima.

Daktari aliporuhusu, nikawasha pampu tena. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua limetoka. Mshale ukapanda kidogo ukasimama mahali pake pa kawaida, ukatetemeka. Nilichovya kijiti ndani ya pipa, nikaona tumebakiza kiasi cha upana wa vidole viwili kabla ya mstari wa daktari. Nikajiambia, dizeli ikifika kwenye mstari nitazima, maji yawe yameiva au hayajaiva. Nilikuwa nimekwisha kuwaza nitakavyomwambia dada kwamba wodi aliyolala inafungwa, na pa kukupeleka ukiugua ni Same.

Mshale ukainuka. Kwa mkupuo, kama ulivyokuwa ukifanya. Haukufika hata kwenye alama nyekundu, maana jua lilikuwa limeupasha moto na ulikuwa katika uongo wake wa mchana, wa kupunguza. Ningefuata maelekezo ningeendelea kupuliza mpaka pipa likauke. Nikachota maji kwenye chupa, nikamkabidhi Mzee Kihara aishike mwenyewe juani. Tope likazama mbele ya macho yake. Nikazima pampu, tukaacha tanki litulie, nikafungua koki.

Maji yalitoka meupe. Mzee Kihara aliinama, akakinga kiganja, akanusa. Akanusa tena, maana mwenye kesi haridhiki upesi.

"Udongo," akasema. Akasimama, akavaa koti. "Sasa mmenipotezea siku nzima kuja kunusa maji ya kawaida?" Kwa Mzee Kihara, hiyo ilikuwa barua ya pongezi. Baragumu halikulia mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Jioni Mama Ruthu aliniita mlangoni pa wodi, akanionyesha ulipo. Aliniuliza, "Mwongo wako hajambo?" Nikamwambia hajambo, mama, na nakushukuru. Akanipiga kofi dogo begani akarudi kazini, na mimi nilikaa pale mlangoni nikimtazama mama yako anavyokutazama. Sijawahi kuona uso wenye furaha kiasi kile, na nimeona harusi nyingi.

Sasa nirudi kwa mama yako. Akisikia nimemlinganisha na mtambo wa majitaka atanifukuza na mwiko, kwa hiyo haya yabaki kwetu wawili.

Mwanangu, mama yako amezeeka. Ngozi yake imechakaa, na dukani hakuna nyingine. Anasema amekunywa dawa kwa sababu anaona aibu kusema amesahau. Anasema amekula makande kwa sababu hataki uache kazi yako upande mlima kwa ajili ya sufuria. Huo ndio uongo wake, na ukiutazama vizuri utaona umejaa mapenzi kwako. Wewe unamuuliza swali la alama nyekundu, umekunywa au hukunywa, umekula au hukula, kisha akikosea unamtoa skrubu unamtupa, unakwenda kumuuliza jirani. Muulize jirani pia, sikukatazi. Mimi nami nilikuwa na chupa yangu ya soda. Ila chupa haikuwa badala ya kipimo, vilisaidiana.

Kaa naye. Kwa simu inatosha kama huwezi kuja. Usimsikilize kwa ajili ya jibu, msikilize uijue sauti yake ya kila siku. Ataongea juu ya kuku wake wale wale, atakuita kwa jina la shangazi yako, atakulalamikia juu yangu. Mwache. Hapo ndipo mshale wake unapokaa, na wewe ukishapazoea utajua siku ukisogea. Mtu aliyekuzaa hastahili kuachwa kuulizwa kwa sababu amekosea majibu. Akiachwa kuulizwa, huacha kusema, na akiacha kusema hapo tena hata mimi sitakuwa na la kukushauri. Na jambo hili usiliweke kwa mama peke yake. Utakuwa na mume anayesema hajambo huku amenuna, na watoto watakaosema shule ni nzuri. Watajidai wote. Kaa nao mpaka uwajue.

Mimi nampigia kila Jumapili baada ya ibada. Ananiambia mambo ambayo nusu yake hayakutokea. Lakini hajakata simu hata mara moja kabla ya kuniuliza, "Na Nakijwa amekula?" Siku ya kusahau jina langu, ameuliza. Siku ya homa, ameuliza. Najua na wewe anakuuliza hivyo kila ukimpigia, na najua linakuudhi, mtu mzima mwenye kazi yake kuulizwa kama mtoto. Mjibu vizuri, mwambie na ulichokula. Na siku utakayompigia akakuaga bila kukuuliza kama umekula, usimpigie jirani, usinipigie na mimi. Panda basi usiku huohuo uje.

Mungu akutunzie mama yako, akutunzie na masikio ya kumsikia. Akupe kazi isiyokuchosha mpaka ukashindwa kupiga simu, akupe watoto watakaokuvumilia utakapoanza kusema uongo wa uzeeni kama sisi. Na mkono wako usikose cha kumpelekea. Amina, mwanangu. Sasa mpigie.